Vumbi la Oklahoma, Ng'ombe wa Machakos

Wanafunzi wetu wanapofundishwa historia ya Marekani baina ya Vita Vikuu viwili vya Dunia, aghalabu hukariri mporomoko wa uchumi wa 1929 na mageuzi ya Rais Roosevelt, kisha wakafunga daftari. Ni nadra kuambiwa kwamba historia hiyo ilifika hapa Machakos, ikabisha hodi kwenye mazizi ya babu zao.

Katika miaka ya 1930, ukame na kilimo kisicho na hadhari viliyageuza mashamba ya Oklahoma, Kansas na Texas kuwa vumbi. Maelfu ya familia zilihama. Mwaka 1935 Marekani iliunda idara ya kuhifadhi udongo, na kuanzia 1937 wakulima wakaanza kuunda wilaya za hifadhi kwa kura zao wenyewe. Si kwamba nchi hiyo ilikuwa pepo: Wamarekani weusi wengi wa majimbo ya Kusini walinyimwa kura yoyote.

Hofu ya mmomonyoko ilivuka bahari. Maafisa wa kikoloni waliyatazama makorongo ya Ukambani wakaona Oklahoma nyingine. Walakini waliichukua hofu, wakaiacha kura. Walidai kwamba mifugo imezidi; hawakutaka kukiri kwamba walowezi walikuwa wameimega ardhi ya malisho. Mwaka 1938 ng'ombe walitwaliwa kwa nguvu na kunadiwa kwa bei duni, wakati uleule kiwanda cha nyama cha Liebig kilipohitaji ng'ombe huko Athi River.

Wakamba hawakunyamaza. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, takriban watu 2,000, wanawake na watoto wakiwamo, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana Brooke-Popham awasikilize, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo, serikali ililazimika kuachana na mnada wa lazima.

Je, udongo uliangamia? La hasha! Baina ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Wakulima, aghalabu wanawake katika vikundi vya mwethya, walichimba mitaro na kurusha udongo upande wa juu hadi vilima vikavaa matuta. Mtindo huo unaitwa "fanya juu", na leo maneno hayo mawili ya Kiswahili yamo katika vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni.

Mimi ni mwanaisimu, na jina hilo hunifikirisha. Mwaka 1938 mkulima alipewa amri kwa lugha ya wengine, akaipinga. Baadaye aliifanya kazi kwa hiari yake, na jina la kazi hiyo likasafiri ulimwenguni. Mwalimu mwenzangu, utakapofundisha sura ya Marekani, wapeleke kwanza wanafunzi wako dirishani. Watazame vilima.