Paka wa Nyumba Moja Wanapogombana

Watoto, katika Kindu na katika vijiji vya Maniema watu wengi hulima mpunga. Mpunga ni chakula cha watu, lakini panya nao huupenda sana. Wakiingia ghalani hula, huchafua na kutoboa mifuko. Kwa sababu hiyo watu hufuga paka. Paka wawili wanaopatana ni walinzi wazuri wa ghala.

Lakini pengine paka waliolala pamoja miezi mingi hugeuka adui kwa ghafula. Wanavimbisha manyoya, wanalaza masikio, wanalia kwa sauti ya kutisha na kuraruana. Mwenye nyumba husema: «Paka huyu amerogwa.» Kisha humfukuza au humwua. Je, ni kweli kwamba amerogwa? Hapana. Ugomvi huu una sababu yake. Na tuitafute.

Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika, na paka-mwitu huwinda peke yake. Paka wetu wanaweza kuzoeana na kukaa pamoja, lakini hawana mkubwa wa kuwaamua. Amani yao huvunjika upesi.

Sababu ya kwanza ni hasira iliyokosa mahali pa kwenda. Paka mweusi amekaa dirishani. Anaona paka mgeni uani. Anataka kumrukia, lakini wavu wa dirisha unamzuia. Hasira inamjaa. Mara paka mwekundu, mwenzake, anapita nyuma yake. Mwekundu hana kosa, lakini mweusi anageuka na kumshambulia. Hata mtu aliyetukanwa sokoni pengine hurudi nyumbani akawagombeza watoto wake.

Sababu ya pili ni harufu. Paka humtambua mwenzake hasa kwa pua. Akipotea siku mbili, akarudi na harufu ya nyumba nyingine, mwenzake humdhani mgeni.

Sababu ya tatu ni maumivu. Paka mwenye jino bovu au jeraha lililofichwa na manyoya hawezi kusema: «Naumwa.» Akiguswa, huuma.

Tena, madume hupigania majike, mama hulinda watoto wake, na paka wenye njaa hugombea sahani moja.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, msitie mkono katikati yao. Meno ya paka ni membamba. Huingia ndani sana na kuacha uchafu, na jeraha huvimba. Pigeni makofi kwa nguvu, au gongeni sufuria, au wekeni ubao kati yao. Msiwapige kwa fimbo. Paka aliyepigwa huzidi kuogopa, na mwenye woga hupigana zaidi.

Pili, watengeni. Kila mmoja awe na chumba chake, chakula chake, maji yake na sanduku lake la mchanga. Hasira ya paka haipoi upesi: pengine saa nyingi hupita, pengine siku kadhaa.

Tatu, wapatanisheni pole pole. Futeni mashavu ya mmoja kwa kitambaa, mkiweke mahali anapolala mwingine. Fanyeni vivyo hivyo kwa wa pili. Kisha wapeni chakula, mmoja upande huu wa mlango uliofungwa, mmoja upande ule. Siku wanapokula kimya, fungueni mlango kidogo. Wakinguruma, ufungeni tena, mrudi nyuma hatua moja. Kazi hii yaweza kuchukua wiki nyingi. Haraka haraka haina baraka.

Nne, hata baada ya amani, wekeni sahani mbili mbali mbali. Na kama madume hupigana daima, mganga wa wanyama aweza kuwahasi.

Sasa sikilizeni vizuri jambo lililo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huwashika paka vilevile. Paka akigeuka mkali bila sababu, akauma watu na vitu, akatokwa na mate na kushindwa kumeza, msimkaribie. Mwiteni mtu mzima. Mkiumwa au mkipigwa kucha, osheni jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku ile ile. Msifiche kwa kuogopa kugombezwa! Dalili za ugonjwa huu zikitokea kwa mtu, karibu daima hufa. Lakini akioshwa mapema na kupigwa sindano zinazofaa kabla ya dalili, huokoka. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo akaishi. Tena iko chanjo ya mbwa na paka wenyewe.

Basi, kabla ya kumwita paka mchawi, ulizeni: Ameona nini? Amenusa nini? Anaumwa wapi? Anayejua sababu hupata dawa. Anayeshika fimbo hupoteza paka wake, na panya hufurahi.

Maswali
1. Kwa nini paka mweusi alimrukia mwenzake asiye na kosa?
2. Kitambaa kinasaidiaje kupatanisha paka?
3. Paka akikuuma, utafanya nini kwanza? Na kisha?