Bendera ya Marekani na Wale Wanaodaiwa Kuitukana

Mapema mwaka 1958, msanii kijana ambaye jina lake halikuwa likijulikana na wengi, Jasper Johns, alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake katika ukumbi wa Leo Castelli jijini New York. Alfred Barr, mtu aliyelijenga Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la jiji hilo, alifika, akatazama, akachagua kazi kadhaa za kununuliwa. Kazi moja aliitaka sana, lakini ilimtia hofu: picha iliyojaa bendera ya Marekani pembe hadi pembe, na hakuna kitu kingine ndani yake. Ilikuwa imetengenezwa kwa rangi iliyochanganywa na nta juu ya vipande vya magazeti. Nyota zilikuwa 48, idadi halali ya wakati ilipochorwa, kabla Alaska na Hawaii hazijawa majimbo. Mistari 13 ilikuwa mahali pake. Hapakuwa na dhihaka, wala tone la damu, wala neno la kupinga. Hata hivyo Barr na wenzake waliona kwamba makundi ya wazalendo yangeweza kuzua fujo. Basi akamwomba msanifu majengo Philip Johnson ainunue yeye, aje kuitoa zawadi baadaye. Picha hiyo iliingia rasmi katika hazina ya jumba mwaka 1973.

Kwa nini mabingwa wa sanaa waogope picha ambayo haikuitendea bendera lolote ila kuichora? Jibu lililozoeleka ni kwamba kwa Wamarekani bendera ni kitu kitakatifu, na kwamba imekuwa hivyo tangu taifa lilipozaliwa. Historia hailiungi mkono jibu hilo. Utakatifu wa bendera ya Marekani ulikuja zaidi ya miaka 80 baada ya bendera yenyewe. Ulizaliwa katika vita vilivyotokana na utumwa. Na tangu hapo, watu waliolaumiwa kuwa wameivunjia heshima, wengi wao wasanii na wengi wao weusi, ndio walioichukulia ahadi yake kwa uzito kuliko waliojiita walinzi wake.

Tarehe 14 Juni 1777, wakati vita vya uhuru vikiendelea, Kongresi ilipitisha azimio fupi: mistari 13, myekundu na myeupe kwa kupokezana, na nyota 13 nyeupe katika uwanja wa bluu. Azimio halikusema nyota zipangwe vipi wala vipimo viwe vipi. Kwa miaka 135 kila mshonaji alijipangia, hadi Rais William Howard Taft alipotoa amri ya vipimo mwaka 1912. Kwa vizazi kadhaa bendera ilikuwa chombo cha kazi tu. Ilipepea kwenye meli, ngome na ofisi za serikali ili mtu ajue mahali hapo ni pa nani. Hata hadithi wanayosimuliwa watoto, kwamba Betsy Ross wa Philadelphia aliishona ya kwanza kwa ombi la George Washington, ilitangazwa hadharani na mjukuu wake, William Canby, mwaka 1870, na hakuna karatasi ya wakati wa tukio inayoithibitisha. Emanuel Leutze naye, katika picha kubwa aliyoichora Ujerumani na kuikamilisha mwaka 1851, alimwonyesha Washington akivuka mto Delaware usiku wa Krismasi wa 1776, bendera yenye nyota ikiwa nyuma yake. Bendera hiyo ilikuwa bado miezi sita kupitishwa. Sioni kosa la kihistoria tu hapo. Naona kizazi kilichoanza kuhitaji bendera yenye asili tukufu, kikajitengenezea asili hiyo kwa kurudi nyuma.

Hata bendera iliyo mashuhuri kuliko zote ina mambo yaliyofunikwa. Ni ile iliyopepea Fort McHenry, Baltimore, Septemba 1814, baada ya Waingereza kuishambulia ngome hiyo kwa makombora, na kumfanya Francis Scott Key atunge shairi lililokuja kuwa wimbo wa taifa mwaka 1931. Iliagizwa mwaka 1813 kwa mshonaji Mary Pickersgill, ikiwa na upana wa mita 9 na urefu wa karibu mita 13. Miongoni mwa mikono iliyokuwa katika nyumba hiyo ya ushonaji ni ya msichana mweusi, Grace Wisher, aliyefungwa na mkataba wa utumishi. Key mwenyewe alimiliki watumwa. Yaani shairi la nchi ya watu huru lilitungwa na bwana wa watumwa, kuhusu kitambaa kilichotoka katika nyumba alimotumika binti mweusi asiye na hiari kamili ya nafsi yake. Kwa muda mrefu simulizi ilimtaja Pickersgill, ikamwacha Wisher.

Mambo yaligeuka Aprili 1861, vita vile vilivyotokana na utumwa vilipoanza. Majimbo ya kusini yaliyojitenga yaliishambulia Fort Sumter, na Meja Robert Anderson akalazimika kuishusha bendera ya ngome. Aliichukua hadi New York, na umati mkubwa ukakusanyika Union Square kuiona. Ghafla bendera zikatokea makanisani, madukani na madirishani mwa watu. Mchoraji Frederic Church alichora mawingu ya alfajiri yaliyojipanga kuwa mistari myekundu na nyota, mti mkavu ukiwa mlingoti, na nakala za picha hiyo zikauzwa kwa wingi. Rais Abraham Lincoln alikataa kuziondoa nyota za majimbo yaliyoasi. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwa maana ulisema kwamba bendera inaonyesha nchi inavyopaswa kuwa, hata pale ambapo haiko hivyo. Miaka miwili baadaye, Julai 1863, katika shambulio la Fort Wagner, William Carney, aliyezaliwa mtumwa Virginia na sasa akiwa askari wa kikosi cha weusi cha Massachusetts, aliiokota bendera iliyokuwa ikianguka, akairudisha kwa wenzake huku akiwa na majeraha ya risasi. Medali ya Heshima alipewa mwaka 1900, miaka 37 baadaye. Kabla ya hapo bendera iliashiria mamlaka ya serikali. Kwa watu kama Carney ikawa na maana ya ziada, kwamba aliyezaliwa katika minyororo anaweza kuidai nchi kuwa yake.

Ulinzi wa kisheria ulifuata nyuma, na haukuanza kwa kupambana na wachomaji wa bendera. Sheria za kwanza za majimbo, kuanzia 1897, zililenga hasa matangazo ya biashara na kampeni za siasa. Kesi iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 1907 kutoka Nebraska ilihusu bendera iliyobandikwa kwenye chupa za bia. Shuleni, kiapo cha utii kilichoandikwa na Francis Bellamy mwaka 1892 kilienezwa na jarida lililokuwa pia likiuza bendera kwa shule. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliruhusu watoto wa Mashahidi wa Yehova kulazimishwa kuisalimu. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, ikajikosoa na kuamua kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu kukiri imani kwa mdomo wala kwa ishara.

Sasa njoo kwa Gordon Parks. Mwaka 1942 alifika Washington akiwa mpiga picha mweusi kijana katika idara ya serikali iliyokuwa ikirekodi maisha ya wakulima na maskini. Jijini humo, makao ya bendera, alikataliwa huduma dukani, mgahawani na katika sinema. Mkuu wake, Roy Stryker, alimshauri azungumze na mwanamke aliyekuwa akisafisha jengo la ofisi yao, Ella Watson. Parks alimsikiliza, kisha akamsimamisha mbele ya bendera kubwa iliyoning'inizwa wima ukutani, ufagio mkono mmoja, dekio likisimama kando, uso ukimkabili mtazamaji bila tabasamu wala ombi. Mpangilio wake aliuchukua kutoka kwa picha maarufu ya Grant Wood ya mwaka 1930, ya mwanamume na mwanamke wa shamba waliosimama na uma wa nyasi. Stryker aliona mara moja kwamba picha hiyo ingeweza kuwaponza. Hakuna aliyeichana bendera. Parks alifanya kitu kigumu zaidi: aliweka ahadi na mdai wake katika fremu moja, akamwachia mtazamaji kazi ya kulinganisha.

Msanii mweusi Faith Ringgold alifika mbali zaidi kwa sababu miaka ya 1960 ilimfikisha huko. Katika picha yake ya mwaka 1967, mwanamume mweusi, mwanamke mweupe na mwanamume mweupe wameshikana mikono nyuma ya bendera ambayo mistari yake myekundu inachuruzika damu. Mweusi anajeruhiwa na bado anashikilia safu. Novemba 1970, Ringgold na wasanii wenzake Jon Hendricks na Jean Toche walikamatwa kwa maonyesho ya kazi zilizotumia bendera, yaliyofanyika katika kanisa la Judson jijini New York, wakatiwa hatiani kwa kuinajisi. Mwaka 2021 Jumba la Sanaa la Taifa lililoko Washington liliinunua ile picha ya 1967. Taasisi ya taifa hainunui tusi. Ilikiri, kwa kuchelewa, kwamba yaliyochorwa pale ni kumbukumbu ya kweli.

Kuna pingamizi mbili, na zote zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza husema kwamba kuidai bendera hii ni kujidanganya. Katika karne ya 19 wasafirishaji wa watumwa walipandisha bendera ya Marekani kwa makusudi, kwa kuwa Marekani ilizuia manowari za Uingereza kupekua meli zake. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek, Colorado, Black Kettle, kiongozi wa Wacheyenne, alipandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake kuonyesha kwamba watu wake wako katika amani. Wanajeshi wa Kanali John Chivington waliwaua, wengi wao wanawake, watoto na wazee, mbele ya kitambaa hicho hicho. Anayejua habari hiyo ana haki ya kuikana bendera, na sitamlaumu. Lakini Black Kettle hakuwa mjinga. Aliisoma bendera kwa maana iliyotangazwa na wenyewe, na waliowaua watu wake ndio walioikana. Msanii mweusi David Hammons alipoishona upya mwaka 1990 kwa nyekundu, nyeusi na kijani, rangi za harakati za Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, aliibakiza mistari yote na nyota zote. Angeweza kushona bendera tofauti kabisa. Alichagua kubaki ndani ya mpangilio ule ule na kubishana kutoka humo, na kwangu uamuzi huo una nguvu kuliko kuondoka.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu inatoka kwa waliofiwa. Bendera hii hufunika majeneza. Joe Rosenthal alipopiga picha ya askari wakiisimamisha juu ya mlima Suribachi, Iwo Jima, tarehe 23 Februari 1945, watatu kati ya sita wanaoonekana pale hawakutoka hai kisiwani. Kwa familia kama hizo, kuchoma bendera ni jeraha, si hoja. Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1989, kwa kura 5 kwa 4, kwamba Gregory Lee Johnson hakustahili adhabu kwa kuichoma mjini Dallas, Jaji John Paul Stevens, aliyekuwa mwanajeshi wa majini katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Uchungu huo ni wa kweli. Kinachokosewa ni kudhani kwamba wapiganaji wote wako upande mmoja. Sidney Street alipigana vita hivyo hivyo, akapewa nishani ya Bronze Star. Juni 1966, aliposikia kwamba mwanaharakati James Meredith amepigwa risasi Mississippi, alitoa kabatini bendera yake ya nyota 48, ambayo alizoea kuipandisha sikukuu za taifa, akaenda kuichoma kwenye kona ya mtaa wa Brooklyn. Mtu asiyeijali bendera hawi nayo nyumbani, imekunjwa vizuri, akiitoa kwa sikukuu.

Mweke Street kando ya tukio jingine. Tarehe 5 Aprili 1976, katika mwaka ambao taifa lilikuwa likisherehekea kutimiza miaka 200, vijana weupe waliandamana Boston kupinga wanafunzi weusi na weupe kuchanganywa shuleni kwa mabasi. Ted Landsmark, mwanasheria mweusi aliyekuwa akielekea kwenye mkutano, aliangukia katikati yao. Stanley Forman alipiga picha ya kijana aliyemwelekezea mlingoti wenye bendera kana kwamba ni mkuki, na picha hiyo ikampatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1977. Landsmark alivunjwa pua. Tangu hukumu ya 1989, wanasiasa wamejaribu tena na tena kuandika katika katiba ruhusa ya kuadhibu unajisi wa bendera kama kitu cha kushikika. Mwaka 2006 Seneti ilipiga kura 66 kwa 34, ikabakisha kura moja tu kufikia theluthi mbili. Mtu ambaye ruhusa hiyo ingemnasa bila ubishi ni Street, askari mwenye nishani. Kijana wa Boston angeweza kujibu kwamba kitambaa alikirudisha nyumbani kizima, bila uzi mmoja kukatika.