Mguu wa mbwa hautibiwi kwa oili chafu

Baridi ya Njombe ikikolea, maswali kuhusu mbwa wanaochechemea huongezeka. Mbwa kakanyaga chupa. Mbwa kachanwa na seng'enge. Mbwa kafukuza nungunungu kwenye viazi usiku, kulipokucha karudi na mguu juu. Mbwa kapigwa jembe kwa bahati mbaya wakati wa kuvuna. Mwaka huu mengi yametoka Mdandu na vijiji jirani vya Wanging'ombe, machache Makambako mjini, na karibu kila muulizaji ananieleza kwanza alichokwisha kumpaka mbwa, ndipo anauliza afanye nini.

Mwezi Julai nilifika Mdandu kwa mzee mmoja ambaye mbwa wake, Simba, alikuwa amejikunja jikoni karibu na mafiga. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umekazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, juu kidogo ya wayo. Chini ya mpira kulikuwa na kitambaa kilicholoa oili chafu ya gari. "Damu ilikuwa inaruka, mwanangu," mzee akaniambia. "Nikaona nisipomkaza atakwisha." Ilikuwa siku ya tatu. Tulipomfunga Simba mdomo na kuukata ule mpira, vidole viwili vya katikati vilikuwa vya baridi kama jiwe la mtoni, rangi imeiva kuelekea nyeusi, na kucha moja ilitoka na kitambaa. Kidonda chenyewe, tulipokiosha, hakikufika nusu ya urefu wa kidole changu cha mwisho. Kidonda kile kisingemwua mbwa. Vidole viliuawa na mpira.

Simlaumu mzee. Damu ya mguu wa mbwa inatisha kweli, na sababu yake ni mojawapo ya mambo ya ajabu kabisa katika mwili wa mnyama huyu.

Mwaka 2011 mtafiti wa Japani, Hiroyoshi Ninomiya wa Chuo Kikuu cha Yamazaki Gakuen, alichapisha matokeo ya kuchunguza mishipa ya damu ya nyayo za mbwa. Alichofanya ni kujaza mishipa kwa utomvu wa plastiki, akausubiri ugande, kisha akaiyeyusha nyama yote. Kilichobaki ni mfano wa mishipa peke yake, kama mti usio na majani, akautazama kwa hadubini ya elektroni. Akakuta kwamba kila mshipa mdogo unaopeleka damu ya moto kwenye wayo umezingirwa na wavu wa vijishipa vinavyorudisha damu ya baridi mwilini. Vinagusana. Damu inayoshuka inapishana na damu inayopanda, na palepale inaigawia joto lake. Chukua mabomba mawili, moja la maji ya moto na jingine la maji ya baridi, uyalaze bega kwa bega yakitiririka kuelekea pande tofauti: la baridi litapata moto kabla halijafika mwisho. Ndivyo mbwa anavyosimama asubuhi ya sakitu, mji wa Njombe ukiwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nyayo zake zikiwa za baridi lakini hazigandi, na joto la tumbo lake halipotei ardhini. Pengwini wana mpangilio wa namna hii miguuni, na pomboo wanao kwenye mapezi.

Sasa piga kisu kwenye wavu huo. Hukati mshipa mmoja, unakata vijishipa vingi kwa pamoja, na kila mbwa anapokanyaga, uzito wake unavikamua. Ndiyo maana sakafu nzima inachafuka kwa kidonda kidogo. Lakini vijishipa hivyo ni vyembamba na damu yake haina msukumo mkubwa. Ukivibana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mara nyingi vinaziba vyenyewe. Bila kuchungulia, nasema, kwa sababu kila unapoinua kitambaa kutazama unang'oa damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Ukifunga mpira juu ya wayo, umezuia damu inayoshuka na inayopanda, ya kidonda na ya vidole vizima, yote kwa pamoja.

Jambo la pili kuhusu wayo ni vile vigodoro vyake vya chini. Ndani yake ni mafuta yaliyoshikwa na nyuzi ngumu, na kazi yake ni kutanuka mbwa anapokanyaga. Kwa hiyo kidonda cha kigodoro hufunguka kama mdomo kila hatua na kufumba kila anapoinua mguu. Hata kikishonwa vizuri, nyuzi huweza kukata nyama. Kinachokiponya ni mbwa kutulia. Watu wengi hulitekeleza hilo mchana, kisha usiku wanamfungulia alinde nyumba, na asubuhi wananiuliza mbona dawa haifanyi kazi.

Tuje kwenye hizo dawa. Oili chafu ndiyo inayoongoza, na nimeshachoka kuambiwa kwamba "inakausha". Oili haikaushi kitu. Imebeba masizi na chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini, inaziba usaha usitoke, na mbwa anairamba yote ikaingia tumboni. Inayofuata ni spiriti, halafu ile dawa inayotoa povu, ambayo watu huipenda kwa sababu povu linaonekana kama kazi inafanyika. Vyote viwili vinaua vijidudu, ndiyo, lakini vinaunguza pia chembe changa zinazojenga nyama mpya. Majivu na ugoro vinaingiza taka mahali ulipotaka kuzitoa. Asali ni habari nyingine, na hapo bibi zetu hawakukosea: sukari yake nyingi huvuta maji kutoka kwenye vijidudu, na kimeng'enya walichoweka nyuki hutengeneza kidogo kidogo dawa ileile ya povu, kwa kiwango kisichounguza. Lakini iwe asali safi, kwenye kidonda kilichokwisha kuoshwa, na ifunikwe, la sivyo mbwa ataila dakika hiyohiyo.

Halafu kuna imani kwamba mate ya mbwa ni dawa, kwa hiyo aachwe ajirambe. Imani hii ina punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayoipa umri mrefu. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Hart na Powell, waliyapima mate ya mbwa wakakuta yanaua kwa kiasi aina mbili za bakteria walizozijaribu. Hayakuwaweza stafilokoka, ambao ndio wakazi wakuu wa vidonda vya ngozi ya mbwa. Na ulimi wenyewe unakwaruza: mbwa anayejiramba usiku kucha huamka na kidonda kikubwa kuliko alicholala nacho. Toboa kitako cha ndoo ya plastiki ya saizi yake, umvalishe shingoni kichwa kipite. Atachukia siku ya kwanza, ya pili atazoea.

Matunzo yenyewe ni mafupi. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumgusa, hata kama ni mpole kiasi gani, maana mbwa mwenye maumivu huuma anayempenda. Ila usimfunge akiwa anatapika au anahema kwa shida. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Toa mchanga na vigae vidogo unavyoviona; kilichozama ndani, au kisu au waya uliokita, kiache kwa daktari. Nyoa manyoya yanayoingia kidondani. Kama una iodini ya povidoni, izimue hadi iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Weka gozi, pamba kidogo katikati ya vidole, kisha bandeji isiyokaza, ncha za vidole viwili vya katikati zikibaki nje ili uzishike asubuhi na jioni: zikiwa zimevimba au za baridi kuliko za mguu mwingine, fungua. Akitoka nje kwenye umande, mvalishe mfuko wa nailoni, akirudi uvue. Badilisha kila siku. Kidonda kilichoachama, mfupa unaoonekana, damu isiyokoma baada ya kukandamizwa mara mbili, harufu mbaya, au mbwa asiyekanyaga kabisa siku ya pili: hayo si ya nyumbani.

Na usimpe Panadol. Wala Brufen, wala Diklofenaki. Ini la mbwa haliwezi kuisafisha parasetamoli kama letu, na ikizidi huharibu ini na damu yake. Hizo nyingine mbili hutoboa tumbo na kuangusha figo. Diklofenaki ndiyo iliyowafyeka tumbusi wa India, waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo. Mbwa si tumbusi, lakini figo zake pia haziivumilii.

Kuna wanaoniandikia kuhusu mbwa anayechechemea na hana kidonda. Hao nawaomba wapanue vidole vya mbwa na kutazama katikati yake, na pembeni mwa vigodoro. Kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe ni funza. Mdudu huyu si wa uchawi wala hakuzaliwa na uchafu wa mtu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na inaaminika alishuka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akavuka bara zima kwa nyayo za wapagazi na askari, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Jike hujichimbia, akavimba kufikia ukubwa wa mbaazi, na mayai yake huanguka kwenye vumbi mahali mbwa anapolala. Uchunguzi vijijini Uganda ulionyesha kwamba mbwa na nguruwe ni hazina kubwa ya funza hao. Kuwatibu watoto miguu na kumwacha mbwa jikoni na funza wake ni kuteka maji kwa pakacha. Na pini iliyomchokonoa mbwa isimguse mtoto.

Kidonda ninachokiogopa zaidi ni kile ambacho mwenye mbwa hajui kilitoka wapi, kikiwa na matundu mawili. Huko ni kuumwa. Kichaa cha mbwa huingia kwa mate, na mbwa aliyeambukizwa huweza, wiki au miezi baadaye, kuanza kuutafuna mguu wake mwenyewe mahali alipoumwa, kwa sababu virusi huvuruga neva za hapo. Ukimwona mbwa anautafuna mguu na tabia yake imebadilika, usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Mfungie mbali na watu umwite afisa mifugo wa kata. Ukiumwa, au mate yake yakigusa mchubuko wako, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa mbwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna.

Hapo ndipo hasira yangu kwa vishoka inapotoka. Namsema yule anayezunguka minadani na sindano moja mfukoni, anayemchoma OTC, ile antibiotiki ya sindano, kila mbwa anayechechemea, iwe mfupa umevunjika, iwe funza, iwe ameumwa, akapokea hela yake na kupanda bodaboda. Simba alichomwa sindano mbili kama hizo na mtu asiyeufungua hata ule mpira kutazama chini yake. Angeufungua siku ya kwanza, mbwa angekuwa na vidole vyote.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, na mtu anayetibu wanyama kwa malipo anatakiwa awe ametambuliwa nalo, daktari au msaidizi wake. Kwa hiyo kabla hujamshikia mtu mguu wa mbwa wako amchome, mwombe akuonyeshe cheti chake. Akikasirika, ondoka na mbwa wako.