Geji ya mafuta ya pikipiki: kwa nini hudanganya, na hasara yake kwa biashara ya mpakani

Mfanyabiashara anayesafirisha mzigo kwa pikipiki kutoka mpakani huhesabu nauli, ushuru na muda wa kuvuka. Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni mshale mdogo wa mafuta ulioko mbele ya dereva. Mshale huo ukisema uongo, mzigo hulala njiani, mteja hununua kwa mwingine na faida ya siku hupotea.

Tatizo hili ni la kila mahali penye bodaboda, lakini mpakani lina sababu yake ya pekee, nayo ni bei.

Tanzania na Kenya hupanga bei kikomo za petroli kila mwezi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, wakati mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya (EPRA) hutangaza tarehe 14. Uganda haipangi bei, bali huliachia soko. Kwa hiyo upande wenye nafuu unaweza kubadilika, na tofauti hiyo huwafanya madereva wengi wavuke wakiwa na mafuta kidogo ili wakajaze upande wa pili. Maana yake ni kwamba dereva wa mpakani huitegemea geji pale pale inapokuwa dhaifu zaidi, yaani karibu na sifuri.

Geji inavyofanya kazi

Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipungua boya hushuka, mkono husogea juu ya kipande cha umeme chenye ukinzani, na kiasi cha umeme kinachopita ndicho kinachosogeza mshale. Ni kifaa rahisi na cha bei nafuu, lakini kina udhaifu kadhaa.

Kwanza ni umbo la tangi. Tangi la pikipiki limekalia fremu kama tandiko juu ya punda: juu ni pana, chini limegawanyika pande mbili. Boya hupima kimo cha mafuta, halipimi lita. Ndiyo maana mshale hukaa juu kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla.

Pili ni mwinamo. Pikipiki ikisimama kwa stendi ya pembeni, ikipanda mlima au ikiwa na mzigo mzito nyuma, mafuta husogea upande mmoja na boya husoma kimo kisicho cha kweli. Usomaji wa kuaminika kidogo hupatikana pikipiki ikiwa wima, mahali tambarare.

Tatu ni uchakavu. Kutu hukwamisha mkono, na mshale ukabaki juu hata tangi likiwa tupu. Boya likitoboka huzama, na geji ikasema hakuna mafuta wakati yapo. Waya uliolegea au kipande cha umeme kilicholika huufanya mshale urukeruke. Hata geji za kidijitali zenye vijiti hutumia boya, na kijiti kimoja kinaweza kubeba zaidi ya lita nzima.

Koki ya akiba

Pikipiki zenye kabureta zina kinga ya zamani isiyohitaji umeme, nayo ni koki ya mafuta. Ndani ya tangi kuna njia mbili: moja ni mrija mrefu uliosimama, nyingine iko karibu na sakafu. Koki ikiwa kwenye ON, injini hunywa kupitia mrija mrefu. Mafuta yakishuka chini ya ncha yake injini hukohoa, na dereva hugeuza koki kwenda RES, ambayo wengi huiita rizevu.

Kosa la kawaida ni kujaza mafuta na kusahau kuirudisha koki kwenye ON. Safari inayofuata hakuna onyo. Injini ikizima, hakuna kilichobaki. Kosa jingine ni kutoigusa rizevu kwa miezi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini pamoja na kutu, na siku rizevu inapohitajika uchafu huo huenda kwenye kabureta.

Pikipiki mpya zinazotumia pampu ya mafuta ya umeme kwa kawaida hazina rizevu ya koki. Kwa hizo, kuendesha tangi likiwa karibu tupu kuna gharama ya ziada, kwa kuwa pampu iliyoko ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe.

Hesabu ya hasara

Kutoka Namanga hadi Arusha ni kama kilomita 110. Chukua mfano wa dereva mwenye lita 3 kwenye tangi. Bila mzigo, pikipiki yake ikienda kilomita 40 kwa lita, ana kilomita 120 na atafika. Akifunga magunia mawili na matumizi yakawa kilomita 30 kwa lita, ana kilomita 90 tu. Huenda akasimama kwenye miinuko ya Oldonyo Sambu, kabla ya kuiona Ngaramtoni. Mshale alipoondoka ulikuwa mahali pale pale katika safari zote mbili.

Tuseme alikataa kuongeza mafuta Namanga ili aokoe shilingi 300 za Tanzania kwa kila lita. Kwa lita 3 ameokoa shilingi 900. Akikwama, akalipa mwenzake amfuatie mafuta na kununua petroli ya chupa kwa bei ya juu, jumla shilingi 10,000, atahitaji zaidi ya safari 11 za kuokoa namna hiyo ili kurudisha hasara moja. Hapo nyanya zilizoharibika hazijahesabiwa.

Nini kifanyike

Njia ya uhakika ni kuhesabu kilomita. Jaza tangi hadi juu na uandike namba ya kilomita. Fanya kazi ya siku ukiwa na mzigo wa kawaida, kisha jaza tena hadi pale pale. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Ikiwa ni kilomita 180 kwa lita 6, pikipiki hiyo inakwenda kilomita 30 kwa lita. Fanya hesabu hiyo ukiwa na mzigo na bila mzigo. Kama waya wa kilomita umekatika, utengenezwe kwanza. Bei yake ni ndogo kuliko kulala porini.

Injini ikizima huku mafuta yapo, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio, tundu la hewa la mfuniko limeziba na linahitaji kusafishwa.

Kubeba petroli kwenye chupa au dumu si suluhisho. Ni hatari ya moto, na kuivusha mpakani hivyo kunaweza kumletea dereva kesi ya magendo.

Kwa mwenye mzigo, swali la kumuuliza dereva kabla ya kulipa nauli ni lita ngapi ziko kwenye tangi na zitakwenda kilomita ngapi na mzigo huo. Dereva anayejibu kwa kuutazama mshale bado hajapiga hesabu.