Nafasi ya Rashasha katika Mpangilio wa Seksheni ya Askari wa Miguu wa Ujerumani, 1939–1945

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kitengo kidogo cha mapigano cha askari wa miguu wa Ujerumani kiliitwa Gruppe, na kililingana na seksheni. Kuorodhesha askari na silaha zao pekee hakutoshi kukieleza, kwa kuwa mpangilio wake wote ulijengwa juu ya silaha moja, yaani rashasha.

Mwanzoni mwa vita, seksheni ilikuwa na askari kumi. Kamanda aliongoza mapigano na kuelekeza shabaha za rashasha. Askari watatu waliihudumia rashasha ya MG 34: wa kwanza aliifyatua, wa pili alilisha mkanda wa risasi na kusaidia kubadilisha mtutu uliopata moto, na wa tatu alibeba masanduku ya risasi. Sita waliobaki, akiwamo naibu kamanda, walikuwa na bunduki za Karabiner 98k na maguruneti ya mkono. Bunduki hiyo ilichukua risasi tano, na komeo lake lilivutwa kwa mkono baada ya kila risasi. Kinyume chake, bunduki ya M1 ya Marekani ilipiga risasi nane bila askari kuvuta komeo.

Kutokana na tofauti hiyo, wenye bunduki waliilinda rashasha, waliisaidia kubeba risasi, na walisonga mbele huku ikimzuia adui kuinua kichwa.

Rashasha ya MG 42, iliyoanza kutumika mwaka 1942, iliongeza nguvu na mzigo kwa pamoja. Kwa kasi ya takribani risasi 1,200 kwa dakika, mkanda wa risasi 50 ulimalizika kwa sekunde mbili na nusu. Hivyo, uwezo wa kupiga ulitegemea mabega ya wabebaji.

Utegemezi huo ulidhihirika zaidi vifo na majeraha yalipoongezeka. Mpangilio mpya wa divisheni wa mwaka 1943 uliipunguza seksheni hadi askari tisa, lakini rashasha ilibaki. Mwaka 1944, baadhi ya platuni za divisheni za Volksgrenadier zilipewa bunduki ya StG 44, yenye magazini ya risasi 30. Hatua hiyo inaashiria udhaifu wa mpangilio wa awali: rashasha iliponyamaza, seksheni ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.