Maharagi si chakula cha aibu

Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kwingineko, chakula husifiwa na kulaumiwa. Kusema sombe (majani ya muhogo) haijakolea chumvi ni habari ya ulimi. Kusema maharagi ni chakula cha maskini ni kumhukumu anayeyala, na hukumu hiyo huweza kudhuru afya: familia yenye maharagi shambani huyauza yote ili inunue vyakula vyenye sifa.

Sayansi hupima vingine. Gramu 100 za maharagi makavu zina takriban gramu 20 za protini; unga wa muhogo haufiki hata gramu 3. Bugali wa unga huo hutia nguvu, maharagi hujenga mwili. Sombe ina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya mawese husaidia kuifyonza. Uchungu wa muhogo nao ni onyo la sumu ya sianidi: muhogo mchungu ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa vizuri, majani yatwangwe na kuchemshwa sana. Ukitayarishwa hivyo, ni chakula salama.

Hukumu huumiza zaidi mtoto anapodhoofika. Utafiti wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kuwa takriban watoto 43 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini Kongo walikuwa wamedumaa. Ni rahisi kumwambia mama, "Umemlisha vibaya." Lakini kuhara kwa mara kwa mara na malaria hudhoofisha mtoto, na tangu mauaji ya raia yalipoanza Beni mwaka 2014, wakulima wengi wamekimbia mashamba yao. Mama aliyeaibishwa huchelewa kurudi kituo cha afya.

Lawama ya chakula ilisikika pia wakati wa mlipuko wa Ebola uliokumba eneo hili: kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walifariki. Nyama ya porini yaweza kubeba virusi, na onyo hilo ni la kweli. Hata hivyo, ugonjwa ulienea hasa kutoka mtu hadi mtu, kwa kugusa wagonjwa na maiti. Kumlaumu mla nyama hakukukata mnyororo huo.

Wauguzi, na nyinyi mashangazi na mama wakwe, semeni jambo lenye msaada: "Mama, tumwongezee mtoto maharagi yaliyopondwa, mawese kidogo na ndagala (dagaa) ukipata." Mpeni mama ushauri anaoweza kuufuata, bila kumwaibisha.