Kisukari kilichukua miguu ya Lilanga, sahihi yake ikabaki sokoni

Wakusanyaji wa sanaa Ulaya wanamjua George Lilanga kwa mashetani yake yenye masikio makubwa, matumbo mbele na midomo inayocheka. Pale Nyumba ya Sanaa alianza kama mlinzi.

Mmakonde huyu aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi alikuja Dar es Salaam kutafuta riziki akiwa tayari fundi wa kuchonga vinyago. Ndugu yake Augustino Malaba, naye msanii, alimsaidia kupata kazi katika kituo hicho kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Haukupita muda mrefu kipaji chake kikaonekana, akahamia upande wa wasanii. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho Washington, Marekani.

Lakini Lilanga alikuwa na kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva na mishipa ya damu. Mgonjwa anaweza kukanyaga msumari au kubanwa na kiatu asisikie maumivu. Kidonda kinachelewa kupona, mwishowe kinaoza. Ndiyo maana wagonjwa husisitizwa kukagua nyayo kila siku, na asiyeweza kuinama au kuona vizuri asaidiwe na mtu wa nyumbani. Lilanga alikatwa miguu. Hakuacha sanaa hadi alipofariki Juni 2005, wakati kazi zake zikizunguka Ulaya katika maonyesho ya Africa Remix.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo baadhi ya wauzaji hulijibu kwa sauti ndogo: mkono wa nani? Lilanga alifanya kazi na wasaidizi, wakiwamo jamaa zake, na picha zilitoka na jina la mzee. Hilo peke yake si udanganyifu. Hata Rubens wa Antwerp alikuwa na karakana iliyojaa wanafunzi. Shida ni kwamba mnunuzi halipii ubao na rangi, analipia mkono. Muuzaji makini huuliza picha ilinunuliwa wapi, lini, kwa nani, na kama kuna risiti. Asiye makini humtaja Keith Haring, Mmarekani ambaye michoro yake hufananishwa na ya Lilanga, kisha anapandisha bei.

Familia nyingi za wasanii hudhani picha ikishauzwa, kila kitu kimeondoka nayo. Sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kuuza ubao si kuuza haki ya kuichapa picha hiyo kwenye fulana, kadi au kitabu. Haki hiyo hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na hurithiwa. Kwa kazi za Lilanga, hesabu hiyo inafika mwaka 2055.